Nginx kwenye VPS: kutoka seva tupu hadi siku ya 502

"Kaka, tovuti haifunguki." Ujumbe wa namna hii ukiingia, wengi wetu tunakimbilia kuandika `systemctl restart nginx`, amri ya kuzima na kuwasha upya nginx (programu inayowapa wageni kurasa za tovuti), kabla hata ya kuuliza kuna nini. Mara nyingine tovuti inarudi, na hapo ndipo tatizo linapokomaa, maana hujajua ilikuwa inaumwa nini na Ijumaa usiku itaanguka tena.

Mzigo ukipotea kati ya Mwanza na Dar, hupigi simu kila mahali. Unauliza lori lilionekana mara ya mwisho kwenye mizani ipi. Ombi la mteja nalo lina mizani zake: linatoka kwenye simu yake, linapita DNS (inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP), linafika kwenye porti ya seva (mlango wenye namba), nginx inalipokea, kisha linapelekwa kwenye faili au kwenye programu iliyo nyuma. Mwongozo huu unaifuata njia hiyo, na maswali ninayoulizwa kila wiki nimeyaweka kwenye mizani yanapokwamia.

Nafanya kazi na Ubuntu 24.04 na nginx inayokuja nayo. Kikoa nitakachotumia ni `vitenge.example`, weka chako mahali pake.

## Kwanza, kwa nini nginx na si Apache?

Igor Sysoev aliitoa nginx kwa umma mwaka 2004, baada ya kuitengeneza ili seva moja iweze kuhudumia maelfu ya watu kwa wakati mmoja bila kufungua mchakato mpya kwa kila mtu. Ndiyo maana inatulia hata kwenye VPS (seva pepe ya kukodi) ya RAM ya GB 1, ambayo ndiyo wengi wetu tunaimudu. Apache, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, haina ubaya. Ila kama tovuti yako inategemea faili la `.htaccess` (maagizo ya Apache yanayokaa ndani ya folda ya tovuti), jua mapema kwamba nginx hailisomi kabisa. Haitalalamika wala kutoa onyo, italipita tu, na wewe utakesha ukijiuliza kwa nini kurasa zote isipokuwa ya mwanzo zinaleta 404 (ukurasa haupatikani).

## Kusakinisha, na mlango usiofaa kujifungia

```
sudo apt update
sudo apt install nginx
sudo ufw allow OpenSSH
sudo ufw allow 'Nginx Full'
sudo ufw enable
```

Mpangilio wa mistari mitatu ya mwisho una sababu. Seva yangu ya kwanza niliwasha ukuta wa moto kabla ya kuruhusu SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali). Nilikuwa bado nimo ndani, kila kitu kinaonekana shwari. Nikatoka kwenda kula, niliporudi mlango umefungwa kwa ndani na ufunguo uko ndani. Kilichoniokoa ni ile konsoli ya kwenye kivinjari ambayo kampuni za VPS huwapa wateja. Hakikisha unajua yako iko wapi kabla hujaihitaji.

Sasa jaribu ukiwa ndani ya seva yenyewe:

```
curl -I http://127.0.0.1
```

Ukiona `200 OK` hapo, lakini kutoka kwenye simu yako ukurasa unazunguka tu bila jibu, nginx haina kosa. Kampuni nyingi za wingu zina ukuta wao mwingine nje ya VPS, unaosanidiwa kwenye akaunti yako ya wavuti. Fungua porti 80 (ya HTTP) na 443 (ya HTTPS) huko pia.

Kama nginx imekataa kuwaka na inasema `bind() to 0.0.0.0:80 failed (98: Address already in use)`, kuna mpangaji mwingine kwenye porti hiyo. Mtafute:

```
sudo ss -ltnp | grep ':80'
```

Mara nyingi utamkuta `apache2`, aliyeletwa na kifurushi kingine bila wewe kumwalika. `sudo systemctl disable --now apache2` inamtoa, na haitamruhusu kurudi seva ikiwashwa upya.

## "Nimebadilisha DNS lakini bado inaonyesha tovuti ya zamani"

Usiangalie kwa kivinjari, kivinjari kina kumbukumbu zake. Uliza DNS moja kwa moja:

```
dig +short vitenge.example
dig +short AAAA vitenge.example
```

Mstari wa kwanza ulete IP ya seva yako. Ukileta ya zamani, ama hujahifadhi rekodi, ama TTL ya rekodi ya awali (muda ambao jibu la DNS hukaa kwenye kumbukumbu) haujaisha. Ukijua unahama seva kesho, shusha TTL leo hadi sekunde 300, na kesho hutasubiri sana.

Mstari wa pili ndio watu wanausahau. AAAA ni anwani ya IPv6. Ikibaki ya seva ya zamani, baadhi ya wateja wataletwa kwako na wengine watapelekwa kule kwa zamani, nawe utaambiwa "kwangu inafungua, kwake haifungui" mpaka uchoke. Kama hutumii IPv6, ifute.

## Kuiandikia tovuti yako nyumba

Tengeneza faili `/etc/nginx/sites-available/vitenge`:

```
server {
    listen 80;
    listen [::]:80;
    server_name vitenge.example www.vitenge.example;

    root /var/www/vitenge;
    index index.html;

    location / {
        try_files $uri $uri/ =404;
    }
}
```

Kisha iunganishe, ikague, na uipakie:

```
sudo ln -s /etc/nginx/sites-available/vitenge /etc/nginx/sites-enabled/
sudo nginx -t
sudo systemctl reload nginx
```

Kwenye `ln -s` andika njia nzima kuanzia `/etc`. Ukifupisha, kiungo kitaelekea hewani na `nginx -t` itakuambia faili halipo, ilhali wewe unaliona kwa macho yako.

Tofauti ya `reload` na `restart` inafaa kukaa kichwani. Kwa `reload`, nginx inasoma usanidi mpya, inaanzisha wafanyakazi wapya, na wale wa zamani wanamalizia wateja waliokuwa nao mkononi. Usanidi ukiwa na kosa, inabaki na ule wa zamani na tovuti haitikisiki. `restart` inazima kwanza halafu ndiyo inajaribu kuwasha; umesahau nukta mkato moja, uko gizani. Mimi `restart` siigusi bila sababu.

Je, umefungua kikoa na umekuta "Welcome to nginx!", au mbaya zaidi, tovuti ya mteja wako mwingine? Nginx inalinganisha jina lililoombwa na kila `server_name`. Isipopata linalofanana, haikatai. Inampa mgeni tovuti iliyoandikwa `default_server`, na kama hakuna, ile iliyosomwa kwanza. Kwa hiyo kagua herufi za `server_name`, kagua kama umeandika na `www`, na kagua kama kiungo kiko kweli ndani ya `sites-enabled`.

## 403, na ile tabia ya chmod 777

403 ni seva kukuambia huruhusiwi kuona ulichoomba. Hapa tusimame kidogo, maana ndipo ushauri mbovu unapoenea zaidi.

Nginx kwenye Ubuntu inafanya kazi kwa jina la mtumiaji `www-data`. Ili `www-data` asome `/var/www/vitenge/index.html`, haitoshi faili lenyewe kusomeka. Lazima aruhusiwe kupita kila folda iliyo njiani, na ruhusa ya kupita ni ile herufi `x`. Nyumba inaweza kuwa wazi, lakini geti la mtaa likiwa limefungwa hufiki.

Kisa cha kawaida: umeweka tovuti ndani ya `/home/juma/vitenge`. Tangu Ubuntu 21.04, folda za nyumbani zinazaliwa na ruhusa 750, maana yake mtu wa nje hapiti. Mafunzo ya zamani hayajui hilo, kwa hiyo unafuata kila hatua na bado unapigwa 403. Amri hii itakuonyesha geti lililofungwa:

```
namei -l /home/juma/vitenge/index.html
```

Inapanga njia ngazi kwa ngazi na ruhusa za kila moja. Soma kutoka juu. Ngazi ya kwanza isiyo na `x` mwishoni ndiyo inayozuia. Dawa ni kuihamishia tovuti `/var/www`, si kumfungulia kila mtu nyumba ya Juma. Halafu:

```
sudo find /var/www/vitenge -type d -exec chmod 755 {} +
sudo find /var/www/vitenge -type f -exec chmod 644 {} +
```

Atakayekuambia `chmod -R 777` anakuambia ung'oe mlango kwa sababu umesahau ufunguo. Tovuti itafunguka, ndiyo. Na siku programu nyingine yoyote kwenye seva hiyo ikivamiwa, mvamizi anaandika humo anachotaka.

Kuna 403 ya aina ya pili isiyohusu ruhusa: logi (daftari la matukio la nginx) itasema `directory index of ... is forbidden`. Hiyo ni folda isiyo na `index.html`, basi. Angalia kama jina la faili ni `Index.html` kwa herufi kubwa. Kwenye Linux hayo ni majina mawili tofauti.

## Soma logi, na ujue saa yake

Nimetaja logi. Ndiyo rafiki yako wa kweli humu:

```
sudo tail -f /var/log/nginx/error.log
```

Iache wazi kwenye dirisha moja, na kwenye simu ufungue ukurasa unaosumbua. Mstari unaoibuka papo hapo ndio jibu.

Tatizo ni saa. VPS nyingi huja zikitumia UTC (saa ya marejeo ya dunia), na Afrika Mashariki tuko saa 3 mbele. Mteja anakwambia tovuti ilikataa "saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi", wewe unatafuta 03:12 kwenye logi, hukuti kitu. Muda huo kwa mtindo wa saa 24 ni 09:12 kwa huku, na kwa UTC ni 06:12. Ukishazoea, unaongeza 3 tu kwenye saa aliyokutajia ya asubuhi au mchana. Ukichoka hesabu:

```
sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
```

Nairobi, Kampala na Zanzibar zinatumia saa hiyohiyo. Baada ya hapo anzisha nginx upya. Hii ni moja ya zile sababu chache za `restart`.

## HTTPS bila kulipa

```
sudo apt install certbot python3-certbot-nginx
sudo certbot --nginx -d vitenge.example -d www.vitenge.example
```

Certbot inaomba cheti cha HTTPS kutoka Let's Encrypt, wanaotoa vyeti bure, inakiweka kwenye usanidi wako na kuwaelekeza wageni wa porti 80 waende 443. Cheti kinadumu siku 90 na kinajihuisha chenyewe. Usiamini kwa maneno, jaribu: `sudo certbot renew --dry-run`.

Ikishindikana, sababu karibu zote ni zile tulizokwisha kupita: porti 80 imefungwa (kwa njia hii Let's Encrypt lazima ikufikie kwa 80, hata kama unataka 443 tu), DNS haijaelekea kwako, au ile AAAA ya zamani imebaki, kwa kuwa Let's Encrypt ikiona IPv6 inaanza nayo. Usirudierudie amri kwa hasira. Majaribio 5 yaliyoshindwa kwa jina moja ndani ya saa moja, unawekwa benchi. Tengeneza tatizo kwanza, jaribu kwa `sudo certbot certonly --nginx --dry-run -d vitenge.example -d www.vitenge.example`, ndipo uombe cheti chenyewe.

## Programu nyuma ya nginx, na 502

Tuseme duka lina programu ya Node (JavaScript inayoendeshwa kwenye seva) inayosikiliza porti 3000. Ile `location /` ya mwanzo inabadilika:

```
location / {
    proxy_pass http://127.0.0.1:3000;
    proxy_set_header Host $host;
    proxy_set_header X-Real-IP $remote_addr;
    proxy_set_header X-Forwarded-For $proxy_add_x_forwarded_for;
    proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;
}
```

Mstari wa mwisho unaiambia programu kwamba mgeni amekuja kwa HTTPS. Ukikosekana, programu inaona HTTP, inamrudisha mgeni aende HTTPS, nginx inamleta tena kwa HTTP ya ndani, anarudishwa tena, mpaka kivinjari kinakata tamaa na kulalamika kuhusu kuelekezwa mara nyingi mno.

Sasa 502 Bad Gateway. Maana yake nginx iko hai, ndiyo hiyo inayokuongelesha. Aliyeko nyuma yake ndiye haitiki au amejibu ovyo. Kuanzisha nginx upya hakusaidii chochote. Namba iliyo kwenye mabano ya `error.log` ndiyo inakutuma pa kwenda. `(111: Connection refused)` ni kwamba hakuna anayesikiliza porti hiyo, programu imezima au iko porti nyingine. `(2: No such file or directory)` huja kwa wanaotumia PHP: umeandika soketi (faili ambalo nginx na PHP huzungumzia) ya toleo ambalo hunalo. Ubuntu 24.04 ina PHP 8.3, kwa hiyo soketi ni `/run/php/php8.3-fpm.sock`, na usanidi uliounakili wenye 7.4 hautapata kitu. `(13: Permission denied)` ni ruhusa za soketi.

Mara nyingi ni 111, na mara nyingi chanzo ni hiki: umeiwasha programu kwa `node server.js` ndani ya SSH, ikafanya kazi, ukafurahi, ukafunga laptopu. Kikao cha SSH kikafa, programu ikafa nacho. Ikabidhi kwa systemd, msimamizi wa huduma za Linux. Faili `/etc/systemd/system/vitenge.service`:

```
[Unit]
Description=Duka la vitenge
After=network.target

[Service]
User=duka
WorkingDirectory=/srv/vitenge
ExecStart=/usr/bin/node server.js
Restart=always

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

```
sudo useradd --system duka
sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable --now vitenge
journalctl -u vitenge -f
```

Hata umeme ukikatika kwenye kituo cha data, seva ikirudi programu inarudi nayo. Na kama inaanguka kila baada ya muda bila kosa la kueleweka, angalia kumbukumbu ya RAM: `sudo journalctl -k | grep -i 'out of memory'`. Kwenye GB 1 yenye hifadhidata na programu pamoja, kernel (kiini cha Linux) ikibanwa inachagua programu ya kuiua, na mara nyingi inaichagua iliyonenepa zaidi.

Ndugu yake 502 ni 504: programu ipo na imepokea ombi, ila imechukua zaidi ya sekunde 60 kujibu. Unaweza kuongeza `proxy_read_timeout 120s;`, lakini mteja gani wa vitenge anasubiri dakika mbili? Kinachotakiwa ni kutafuta swali la hifadhidata linalojikokota.

## "Picha zinagoma"

Mteja mmoja, dada anayeuza vitenge, alinipigia akiwa dukani.

"Kaka, picha zinagoma kupanda."

"Zote?"

"Za mdogo wangu zinapanda. Zangu hazitaki."

"Dada, simu yako ni mpya?"

"Nimenunua juzi. Ina kamera kali hiyo!"

Kamera kali ndiyo ilikuwa kosa. Nginx kwa chaguo-msingi inakataa ombi lenye mwili unaozidi MB 1, na picha ya simu ya sasa inalizidi hilo kirahisi. Simu kuukuu ya mdogo wake ilikuwa chini ya mstari. Jibu la seva linakuwa 413. Ndani ya `server`:

```
client_max_body_size 12m;
```

Kwa PHP hujamaliza. Nayo ina mipaka yake, `upload_max_filesize` ya MB 2 na `post_max_size` ya MB 8, ndani ya `/etc/php/8.3/fpm/php.ini`. Ongeza zote mbili, ya pili iwe kubwa kuliko ya kwanza, kisha `sudo systemctl restart php8.3-fpm`.

## Bando la mteja

Ubuntu inawasha gzip (ubanaji wa data kabla ya kutumwa) kwenye nginx lakini mstari wa `gzip_types` umefungwa kwa alama ya `#`, hivyo HTML peke yake ndiyo inayobanwa. CSS na JavaScript, ambazo ndizo nzito, zinasafiri zilivyo, na mteja anazilipia kwa bando lake. Fungua `/etc/nginx/nginx.conf` uweke:

```
gzip_types text/css application/javascript application/json image/svg+xml;
```

Picha za JPEG usiziongeze hapo. Zimeshabanwa tayari, utachosha CPU bure.

## Wageni wasioalikwa, na diski iliyojaa

Ukifungua `access.log` utaona watu wakiomba `/wp-login.php` na `/.env` usiku kucha, hata kama hujawahi kuwa na WordPress. Ni roboti zinazogonga kila mlango duniani. Zikijibiwa 404, ziache. Lililo muhimu ni kwamba `.env` (faili la nywila na siri za programu) na `.git` (historia ya msimbo wako) zisiwe na njia ya kufikiwa. Ndani ya `server`:

```
location ~ /\.(?!well-known) {
    deny all;
}
```

Na siku tovuti ikianza kutoa makosa ya ajabu yasiyofanana, piga `df -h` kabla ya kufikiri jambo jingine lolote. Diski ikifika 100%, hifadhidata haiandiki, vikao havihifadhiki, kila kitu kinaumwa kwa pamoja. Ukikuta logi ndiyo imevimba, usiifute kwa `rm`: nginx bado imelishika lile faili, nafasi haitarudi, na utaapa seva imerogwa. Lipunguze likiwa mahali pake:

```
sudo truncate -s 0 /var/log/nginx/access.log
```

Kama seva umeirithi kwa mtu mwingine na hujui aliandika nini wapi, kabla hujagusa mstari wowote piga `sudo nginx -T > ~/nginx-kabla.txt`. Herufi hiyo ni T kubwa. Inamwaga usanidi wote mahali pamoja, pamoja na majina ya faili ulikotoka.